Baraka za Dobini

Katika mji huu hakuna mtu anayejua kukataa baraka kama mimi. Sijisifu, nasema ukweli. Waje na misalaba, waje na tasbihi, waje na mafuta ya upako kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, wote nimewarudisha walikotoka, na wengi wao wameondoka wanacheka. Binti yangu ana miezi minne na hajaombewa hata nusu dua. Muulizeni mama yake.

Siri ni kwamba sikasiriki. Mtu akinyoosha mkono kuelekea kichwa cha mtoto, jibu langu linafika kabla vidole havijatua. "Asante, mama, ameshaombewa asubuhi, daktari kasema tusizidishe dozi." Au: "Mzee, subiri kidogo, huyu amelowa, usije ukaharibu udhu wako bure." Kuna kijana mmoja mwenye tai aliniambia Mungu ana mpango na mtoto huyu. Nikamwambia, "Basi mwambie aje tupange pamoja, maana mpaka sasa mpango wa nepi niko nao peke yangu." Akacheka mpaka akasahau alichojia.

Mtoto tunamwita Bosi, kwa sababu ndiye mtu pekee ninayemjua anayelala kazini na hafukuzwi.

Kazi yenyewe ni udobi. Duka lina mashine mbili za kufulia, moja nzima na moja yenye kwikwi, meza ya kupigia pasi, na reli ndefu ya kutundikia nguo. Nguo ikiingia naishikiza kwa pini kipande cha kitambaa chenye namba, mahali pasipoonekana; ikitoka nakibandua. Tajiri wangu ana maduka mengine mawili, kwangu anapita Jumatatu tu kunusa kama kuna kilichoungua. Siku nyingine zote ni mimi na mvuke. Na Bosi, ndani ya kapu la nguo nililolitandika shuka safi, mbali na pasi.

Mama yake anafunga mikate kiwandani, zamu ya alfajiri. Saa nane na robo mchana anaingia dukani kwa mlango wa nyuma, ananukia hamira, anaketi juu ya gunia la sabuni, anamnyonyesha Bosi, kisha wanakwenda nyumbani wawili. Mpaka saa hiyo mlinzi ni mimi na chupa mbili za maziwa aliyokamua.

Mtauliza, mlinzi wa nini? Baraka si chui.

Ni hivi. Mimi nimezaliwa upande wa Ijumaa, mwenzangu upande wa Jumapili. Tulifunga ndoa serikalini, na shahidi wetu alikuwa mtu aliyekuja kufuatilia cheti cha kifo cha mjomba wake, tukamwazima dakika kumi. Mama yangu alinipigia simu: mtoto akizaliwa akafanyiwa ya kwetu, nitakuja kumwona. Mama mkwe akamwambia bintiye: mtoto akibatizwa, nitakuja kumwona. Huyo mama mkwe nimemwona mara moja tu, tena mgongo, siku niliyokwenda kujitambulisha. Nilipofika alikuwa ameshageuka, anaingia ndani. Mlango hakuubamiza. Aliufunga polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Basi pale wodini, Bosi akiwa na siku moja, mwenzangu akasema: "Hatumpeleki kokote. Kwenu wala kwetu. Akikua atachagua. Na mpaka hapo asiombewe na mtu, maana ikiingia dua moja, upande mmoja umeshinda na sisi wawili tumeshindwa." Nikasema sawa. Tukapeana mikono kama mabalozi, yeye na drip, mimi na mfuko wa nepi.

Lakini tulinunua vikombe sita vipya na biskuti za kopo. Watu husema maneno, tukajiambia, mtoto akishazaliwa mioyo inalegea. Wiki ya kwanza tulifagia chumba kila asubuhi. Wiki ya pili tulifagia siku moja moja. Wiki ya tatu tulifungua lile kopo tukala wenyewe, kitandani, makombo yakamwingia Bosi shingoni.

Ndiyo maana mwenzangu hana mzaha na jambo hili. Siku ya kupima uzito kliniki, mama mmoja kwenye benchi alimwekea Bosi kiganja utosini akaanza kwa sauti ya juu, "Damu ya Yesu imfunike mtoto huyu..." Upande wa mwenzangu mwenyewe huo! Lakini aliutoa ule mkono kama anatoa nzi kwenye uji. "Tafadhali, mama. Humjui."

"Mwanangu, baraka haina ubaya."

"Nimesema humjui."

Benchi zima likatutazama. Njiani nikajaribu utani wangu, haukushika. Mwenzangu alitembea mbele, mtoto kifuani, akasema bila kugeuka, "Kila mtu barabarani ana baraka za kumpa mwanangu. Wenye nazo hasa wako wapi?" Nikampokea mfuko wa nepi, nikamfuata nyuma.

Sasa niyarudie yale majisifu yangu ya mwanzo, maana naona yameanza kunuka kama soksi za mteja.

Ilianza na mama wa mapazia. Huyu huleta mapazia kumi na mawili kwa mpigo, na maswali kumi na matatu. Siku hiyo alichungulia kapu. "Mtoto mchanga hivi anakaa dobini? Kwenye mvuke? Bibi yake yuko wapi?"

"Hayupo."

"Hayupo yuko wapi? Na wa upande wako je?"

Nilikuwa na suruali ya mtu mezani, pasi imeshika moto, Bosi amekataa chupa. Mdomo wangu hauna breki. Nikasema, "Bibi zake wote wawili wametangulia, mama. Ndiyo hivyo, tumebaki sisi na sabuni."

Nilitarajia anyamaze tu. Sikutarajia aangushe mapazia. Alizunguka kaunta bila kuniomba ruhusa, akamnyanyua Bosi, akamlaza begani, akaanza kumwombea hapohapo, machozi yanamtiririka, anamwomba Mungu awe bibi yake na babu yake na shangazi yake. Niliwaza majibu yangu yote, la dozi, la udhu, la mpango. Hata moja sikulitoa. Nilisimama na pasi mkononi nikamtazama mtu mwingine akimshika mwanangu kama mtu aliyekuwa akimsubiri. Na nikapiga hesabu nikaona kwamba, ukiondoa manesi, mikono iliyowahi kumbeba Bosi tangu azaliwe ni minne, na yote inalala kitanda kimoja.

Ile suruali iliungua. Nilimwambia mwenyewe kwamba kitambaa kilikuwa hafifu.

Kesho yake nilihamisha kapu kutoka chini ya kaunta nikaliweka juu. Hewa ni nzuri zaidi juu, nilijiambia. Akaja mteja, akauliza ya bibi. Jibu lilikuwepo tayari, kwa nini nitunge jipya? Wakaanza kumshika. Mwalimu mstaafu alimshika. Dereva wa gari la wagonjwa alimshika na makoti yake meupe bado mkononi. Ukisema mtoto ana wazazi, watu hukupa ushauri. Ukisema hana bibi, wanakupa mikono.

Lakini msinione msaliti wa kawaida, nina kanuni. Mwenzangu alisema dua moja ikiingia, upande mmoja umeshinda. Basi nikahakikisha hakuna anayeshinda. Kila dua ya Ijumaa niliitafutia ya Jumapili, kila ya Jumapili niliitafutia ya Ijumaa, mzani usilale. Si kazi rahisi, wandugu. Kuna wiki kwaya nzima ilileta majoho, watu tisa wakaja kuchukua mmoja mmoja, kila mmoja akambariki Bosi kwa sauti yake, kuanzia ya kwanza mpaka besi. Nikazidiwa tisa kwa moja! Ilinibidi niwanase wazee wa kanzu, na mzee wa kanzu hana papara. Anachukua kanzu yake, anasema "Mashallah" juu juu, huyo anakwenda zake. Nikawa naongeza wanga kwenye kola mpaka kola zinasimama zenyewe, ili wakae wazisifie, wakisifia nawaelekeza kwenye kapu. Wiki mbili nilifanya kazi hiyo mpaka tukawa sare.

Na mabibi zangu marehemu nao wakanenepa kwa maelezo. Mama yangu nilimfanya afe usingizini, sikutaka ateseke, ni mama yangu. Ananijia hata sasa nikisimulia: sauti yake inasema "Nenda salama, urudi salama," kama alivyosema kila asubuhi nikienda shule, mpaka kidato cha nne. Miezi kumi na moja hapokei simu yangu. Wakati mwingine, baada ya mteja kutoka, nilihisi kama nimemzika kweli, nikapiga ile namba ili tu nisikie ikiita.

Saa nane kasoro, kabla mwenzangu hajaingia, nilichukua kitambaa chenye maji ya uvuguvugu nikampangusa Bosi paji la uso, nyuma ya masikio, viganja. Mafuta, marashi, rangi ya mdomo ya mama wa mapazia. Mimi ni dobi. Kazi yangu ni kuondoa ushahidi.

Siku moja mwenzangu alimnusa shingoni akiwa amekaa juu ya gunia. Akanusa tena.

"Mtoto ananukia udi."

"Shuka za mteja hizo. Kuna mtu kwake anachoma udi kama anafukuza mbu."

"Unamlaza kwenye shuka za wateja?"

"Nilizikunja karibu naye, zikamwambukiza."

Alinitazama. Ana macho ya mtu anayepanga mikate elfu mbili kwa siku na anaiona iliyobonyea. "Baba Bosi," akasema, "sisi tuko wawili tu. Ukinidanganya wewe, nitabaki na nani wa kumwuliza?"

"Nikudanganye ili iweje?" nikasema, nikacheka. Cheko lile lilitoka kama mashine yangu yenye kwikwi. Usiku huo niliapa nitaacha. Asubuhi nikaweka kapu chini ya kaunta. Saa nne nikalipandisha tena, nikisema ni la leo tu.

Hiyo leo ilikuwa Alhamisi. Saa saba na nusu alikuwepo mzee mmoja wa kanzu, naye kwa mara ya kwanza alikuwa na muda. Nilimweleza habari za mabibi, akaguswa, akamfungulia Bosi viganja viwili juu ya kapu, akamwombea umri mrefu na tabia njema, akampulizia usoni, Bosi akapiga chafya. Tukacheka wote. Nyuma yake kulikuwa na mama mmoja anasubiri. Alikuwa amesimama tangu mwanzo karibu na mlango, anasoma kibao cha saa za kazi kama mtu anayesoma barua ndefu.

Mzee akatoka. Yule mama akaja kaunta. Shingoni ana kidani, kwenye kidani msalaba mdogo. Nikasema moyoni, mzani huo umejileta wenyewe.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akaweka kitu juu ya kaunta. Ilikuwa mbeleko, ya zamani, rangi imepauka, imekunjwa, inanukia dawa ya nondo.

Nikaikunjua, nikaigeuza kwenye mwanga. "Mama, hii ni safi kuliko mimi."

"Ifue."

"Nioneshe doa nilishughulikie."

"Haina doa. Imekaa sana sandukuni."

Udobi unafundisha jambo moja: mtu haleti nguo safi bila sababu. Nililiona hilo. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye msalaba na mdomo ulikuwa umeshatangulia.

"Naandika jina gani?"

"Andika Mama."

"Mama wako wengi hapa, mama. Nikiita Mama, duka zima linageuka."

"Andika tu." Alikuwa anatazama kapu. Hakuchungulia kama wengine wanavyochungulia. Alisimama mbali kidogo, kama kapu lina moto. "Nimesikia unamwambia yule mzee kwamba mtoto hana bibi."

"Hana, mama. Wote wawili."

"Hata mzaa mama?"

"Hata yeye. Presha."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Lini?"

"Mwaka jana. Huyu hajazaliwa bado."

"Aliugua sana?"

"Wala. Alianguka tu, pale mlangoni kwake. Alikuwa anafunga mlango." Sijui mlango niliutoa wapi. Mambo mengine yanatoka yenyewe.

Yule mama alishika ukingo wa kaunta. Nikamvutia kigoda, hakukaa. Akauliza, "Alikuwa mtu mbaya?"

Hilo sikuwahi kuulizwa. Watu huuliza aliacha watoto wangapi, alizikwa wapi. Nilitafuta utani nikakuta mfuko mtupu, na kwa kuwa alikuwa mgeni tu, mtu wa kupita na mbeleko yake, nikamwambia ya kweli.

"Simjui, mama. Nilimwona mgongo. Lakini sidhani kama alikuwa mbaya. Bintiye akikunja nguo za mtoto anazikunja mara tatu, halafu anazipiga kofi dogo juu, hivi, kama anazilaza. Mimi ndiye dobi, na mimi sikunji hivyo. Kuna mtu alimfundisha, na mtu huyo alikuwa na subira."

"Huwa anamtaja?"

"Hamtaji. Anaingia bafuni anafungulia bomba, anafua kitambaa kimoja nusu saa nzima. Anadhani sisikii." Nikaona nimekwenda mbali. "Ila mama, mtoto hana mtu wa kumwombea, ndiyo shida. Kama hutojali."

Mashine nzima ilimaliza kusuuza, ikazunguka, ikanyamaza. Kisha akasema, "Nipe nimshike."

Nikamtoa Bosi kapuni. Kabla sijasema "angalia shingo," kiganja chake kilikuwa kimeshafika chini ya shingo. Hakumlaza begani. Alimshika mbele yake akamkagua: masikio, nyuma ya masikio, kucha, vidole vya miguu kimoja kimoja, kama mteja anayekagua nguo iliyotoka kwa dobi ahakikishe kwamba ni yake. Bosi akamkamata kidani. Yule mama akatoa sauti ndogo ambayo haikuwa kicheko wala kilio, akamwekea kiganja utosini, akafumba macho, akaanza kuomba. Aliomba chinichini sana. Nilisikia midomo tu.

Nilisimama na penseli yangu na kipande cha kitambaa nilichoandika MAMA, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ya zile biskuti nikaona duka limejaa. Sikutazama saa.

Mlango wa nyuma ukalia.

Mwenzangu alisimama pale kwenye reli, kati ya suti mbili za watu, unga kwenye nyusi. Alitazama kiganja kilichokuwa juu ya kichwa cha Bosi. Akanitazama mimi. Nikafungua mdomo nitoe utani, wowote, hata mbovu.

"Mama," akasema.

Hakuwa anamwita mteja.

Yule mama hakuinua kiganja wala hakugeuka. "Ngoja nimalize, mwanangu," akasema. "Mumeo alikuwa ananisimulia nilivyokufa."